Mbao ya Mwalimu Pruett

Shokapu mbili za gesi zilizopaswa kuushikilia mlango wa injini zilikuwa zimekufa. Garnet Pruett alikataa zibadilishwe, na alikataa mlango ushikiliwe kwa chuma. Shida yote ilikuwa hiyo. Yaliyofuata asubuhi ile yalizaliwa na midomo ya watu, gari halikuwa na kosa.

Mlango wenyewe ulikuwa nyuma kabisa ya gari-nyumba, mpana kama kitanda cha mtu mmoja, umening'inia kwa bawaba za juu. Ukiufungua unapanda kama kope la jicho. Uzito wake ni kilo arobaini na kitu, na chini yake, katikati, kuna ndoano nene ya chuma inayouma kwenye kizingiti ukifungwa. Mchana, jua la jangwani likishapasha, zile shokapu zilijikaza kidogo zikamdanganya mtu kwamba bado zina nguvu. Asubuhi ya Januari, gesi ikiwa imesinyaa kwa baridi, ukiuinua mlango na kuuachia unakurudia usoni.

Fundi, Dwight Kessler, aliujaribu mara mbili. Mara ya pili aliudaka kwa bega.

"Hizi zimekwisha," alisema. "Zilikwisha mwaka juzi. Sishiki spana mpaka nimsimamishe Mama Mkwe."

Mama Mkwe alikuwa fimbo yake ya chuma, mabomba mawili moja ndani ya lingine, na pini ya kukaza urefu. Chini alikuwa na kwato ya kukalia chesisi, juu ana panda ya kushikilia fremu ya mlango. Dwight alimchomelea mwenyewe miaka kumi na minane nyuma, akampa jina hilo kwa sababu ukishamsimamisha hashuki mpaka umwombe. Wazee waliohamia jangwani kila majira ya baridi na magari yao walimjua Mama Mkwe kuliko walivyomjua Dwight.

"Huyo hagusi mlango wangu," alisema Garnet.

Alikuwa amesimama na kikombe cha kahawa, kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi. Miaka sitini na tisa, mgongo umenyooka kama rula. Nyuma ya maneno yake kulikuwa na bata bukini watatu. Mchoraji wa mjini aliwachora Novemba juu ya mlango huo wa injini, wakiruka kupita ziwa lenye machweo, na tangu hapo Garnet aliliegesha gari lake kinyume na watu wote ili kila apitaye barabarani awaone bata.

"Chuma kikisukuma kwa ndani, rangi inapasuka kwa nje," alisema. "Inatoka nyufa kama utando wa buibui. Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye mtandao."

"Basi uuite mtandao uje ukufungie mpira wa maji unaovuja."

Garnet alikunywa kahawa. "Ulimi wako haujaenda shule, lakini unafanya kazi."

"Panda inakaa kwenye fremu ya chuma, Mwalimu. Haigusi faiba yenye rangi. Njoo nikuonyeshe."

"Sihitaji kuonyeshwa."

Dwight alimwita Mwalimu kwa sauti ambayo watu humwitia mbwa wa jirani. Na kweli alikuwa mwalimu wake. Katika mji wao wa mashamba ya ngano, kule Montana, Garnet Pruett alifundisha hesabu, na siku moja mbele ya darasa zima alimrudishia Dwight karatasi yenye sifuri na kumwambia, "Kessler, wewe utazeeka chali, chini ya gari la mtu mwenye akili." Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia. Dwight alikuwa na miaka kumi na mitano. Hakurudi tena shuleni baada ya mavuno. Baada ya miaka minne, yule mwalimu alimwoa Lorna, dada yake Dwight, na pale kanisani akampa mkono na kumwita shemeji kama vile hakuna lililowahi kusemwa.

Sasa Dwight alikuwa na miaka hamsini na minne, na utabiri ulikuwa umetimia. Majira ishirini na mawili ya baridi alikuwa amelala chali kwenye changarawe za Arizona, chini ya magari ya watu, oili ikimdondokea sikioni. Hana pensheni. Hana bima. Alichokuwa nacho ni mikono miwili, pikapu, na Mama Mkwe.

Ila Jumatatu mambo yangebadilika. Barua ilikuwa kwenye pikapu, imebanwa juu ya kioo cha mbele mahali pa kukinga jua. Gereji ya mabasi ya shule huko Yuma ilimtaka aje Jumatatu saa moja asubuhi, afungue na kufunga pampu ya dizeli mbele ya msimamizi, na akiweza, kazi ni yake: paa juu ya kichwa, sakafu ya saruji, bima ya matibabu, likizo. Hawakuuliza cheti. Waliuliza, "Mikono iko sawa?" Akasema iko sawa. Leo ilikuwa Alhamisi.

Alifanya kosa la kumwambia Lorna, na Lorna akamwambia mumewe.

"Nasikia unakwenda shule hatimaye," Garnet alisema, akiangalia bata. "Kwa mlango wa nyuma, lakini bado ni shule."

"Nakwenda Jumatatu. Kwa hiyo leo sitaki mlango wa kilo arobaini uning'inie juu ya mikono yangu kwa maombi."

"Nani kasema maombi? Nina mbao."

Akaenda ubavuni mwa gari, akafungua sanduku la mizigo na kurudi nayo. Ilikuwa mbao safi ya inchi mbili kwa nne, imekatwa kwa msumeno na kupigwa msasa. Kichwa chake kilifungwa kipande cha zulia kwa misumari midogo iliyopangwa sawasawa, na ubavuni pameandikwa kwa penseli: inchi sabini na moja na robo.

"Nimepima jana jioni," alisema Garnet. "Mlango ukiwa wazi kabisa, kutoka ukingo hadi ardhini. Zulia linalinda rangi. Hata mtoto wa darasa la nne angeelewa."

Dwight aliitazama mbao. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Inasimama wapi?"

"Ardhini. Wapi kwingine?"

"Hapo ndipo ilipoharibika. Kitu kinachoshika mlango wa gari kinasimama juu ya gari. Gari likicheza, kinacheza nalo."

"Ardhi hii ni ya serikali, Kessler. Imekuwepo hapa tangu Mungu aiumbe. Haiendi popote."

"Ardhi haiendi. Gari ndilo linaloenda."

"Gari limezimwa. Ufunguo unao wewe."

Ni kweli. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Dwight kwa kamba, kama afanyavyo kila mara. Lakini gari-nyumba si gari tu. Lilikuwa na miguu minne ya jeki chini yake, ya kulisawazisha likiegeshwa penye mwinuko, na jeki hizo zilikuwa na swichi yake ndani, karibu na jiko, isiyohitaji ufunguo wa mtu. Kila mwenye gari kama hilo ana ugonjwa wa kusawazisha. Gari likilala upande kidogo tu hawalali, hawali, wanasema friji itakufa. Na ardhi ya pale ni changarawe juu ya mchanga. Usiku mguu mmoja unazama, asubuhi mtu anabonyeza, gari linainuka. Lorna alikuwa na kipimo chake. Aliweka yai juu ya kaunta. Yai likitulia, sawa. Likiviringika, anabonyeza.

"Basi ngoja niingie nitoe fyuzi ya jeki," alisema Dwight. "Dakika moja. Kisha nitatumia hiyo mbao yako, na nikimaliza unaweza kuioa."

"Kwa viatu hivyo?"

"Nitavivua."

Akavua kimoja palepale, akiwa ameshika bampa. Soksi ilikuwa na tundu, na kidole gumba cha mguu kikachungulia nje, cheusi kwa grisi. Garnet alikitazama.

"Na hicho nacho utakivua?"

Dwight alihisi joto likimpanda shingoni, lile lile la miaka thelathini na tisa nyuma, na karibu asikie darasa likicheka. Alirudisha kiatu.

Dirisha la chumba cha kulala, juu ya injini, likasukumwa. Lorna alitoa kichwa, nywele zimefungwa na kitambaa, macho yamechoka. Alikuwa na miaka sitini na mbili na alikuwa ametumia thelathini na mitano kati yake akisimama katikati ya wanaume hawa wawili.

"Mmeanza tena?"

"Hatujaanza," alisema Garnet. "Ndugu yako ndiye hajaanza. Saa nzima hii."

"Dada, mwambie mumeo nitumie fimbo yangu."

"Garnet, si aitumie tu?"

"Na bata wakipasuka utawalipia kwa nini, kwa mayai?"

Lorna alifumba macho kidogo. Siku kumi na nne ambazo serikali huruhusu mtu kukaa pale zilikuwa zinaisha kesho, na mpira wa maji wa rejeta ulikuwa unavuja kiasi cha kutoacha gari lipande hata kilima kimoja.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Fanya anavyotaka. Tumalize, tuondoke. Kwa ajili yangu."

Kwa ajili yangu. Maneno hayo yamejaza makaburi mengi kuliko tauni. Dwight alijua hivyo. Angeweza kumtupa Mama Mkwe ndani ya pikapu na kwenda zake, na gari lingevuja mpaka lingeitwa chuma chakavu. Wangeingojea faini ya kukaa zaidi, Lorna angelia, na Garnet angesema, "Nilikwambia, akishindwa hukimbia. Alikimbia hata darasani." Hayo ya mwisho ndiyo hakuyaweza.

"Lete mbao," alisema.

Waliinua mlango pamoja, bega kwa bega, bila kugusana zaidi ya ilivyolazimu. Garnet aliisimamisha mbao chini ya ukingo, akaipigapiga kwa kiganja, akarudi nyuma hatua mbili na kuitazama kama ubao aliomaliza kuuandika. Mlango ulitulia. Kipimo kilikuwa sahihi hadi robo inchi.

"Ona," alisema.

"Naona. Sasa nisikilize kitu kimoja. Ingia ndani umwambie Lorna asiguse jeki mpaka nipige hodi. Kwa mdomo wako, sasa hivi. Dada ana mazoea."

"Lorna si mtoto."

"Mwambie tu."

Garnet alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Usinipe mimi kazi ya kufanya nyumbani, Kessler. Ni mimi niliyekuwa nakupa, na hukuwahi kuirudisha hata siku moja."

"Utamwambia au hutamwambia?"

"Fanya kazi," alisema Garnet, na kuzunguka kona ya gari. Mlango wa mbele ulifunguka na kufungwa.

Mtu mwingine angesema hakujibiwa. Dwight alihesabu kwamba amejibiwa, kwa sababu alitaka kumaliza. Fundi akifika mahali pa kusema "nadhani amemwambia", ndipo anapopaswa kuweka spana chini. Sheria hiyo alikuwa amewafundisha watu wengi, na kila mmoja alikuwa ameitikia kwa kichwa.

Alivaa glovu nyembamba, akapiga goti juu ya gunia, akaingiza kichwa na mikono juu ya kizingiti. Ndani kulinuka maji ya rejeta, ile harufu tamu ya pipi iliyooza. Klipu ya chini ilikuwa imeshikana na kutu. Aliilegeza kidogo kidogo, akiitukana kwa majina ya walimu wote aliowakumbuka, na ilipoachia, maji yaliyobaki yalimwagika ndooni. Akauvuta mpira mbovu, akauvisha mpya, akaukaza chini. Ilimchukua dakika ishirini. Vidole vyake vilikuwa baridi lakini vilikuwa vinasikia kila kitu, kila jino la bolti, na alijikuta akiwaza Jumatatu. Pampu ya dizeli ina bolti sita. Alizifungua na kuzifunga akilini, moja moja, na mikono ikampendeza.

Ilibaki klipu ya juu. Alishika kizingiti kwa mkono wa kulia ajivute nje achukue spana ndogo.

Hapo aliisikia. Sauti ya nyuki ndani ya kopo, chini ya sakafu: pampu ya jeki.

Gari likajinyoosha. Mguu wa kushoto, nyuma, ulisukuma changarawe na kona ile ikapanda, inchi moja, inchi mbili, na gari zima likaegemea upande wa pili, na mlango ukaenda nalo. Mbao haikwenda. Ilibaki pale pale iliposimamishwa, wima, aminifu, juu ya ardhi ya serikali. Ukingo wa mlango uliteleza juu ya zulia kama mtu anayetoka kitandani taratibu.

Dwight alirusha kichwa nyuma. Kichwa alikiokoa. Mkono uliokuwa unamsukuma kutoka ndio uliobaki, na ndoano ya mlango ilikuja kuuma mahali ilipozoea kuuma.

Hakupiga kelele. Aliuma meno, akavuta pumzi kwa pua, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fungueni."

Hakuna aliyesikia. Pampu ilikuwa bado inalia.

Alinyoosha mkono wa kushoto juu ya uso wa mlango, akatafuta kitasa. Kiganja chake kilikuwa juu ya bata wa katikati. Alipokipata, akavuta, na mlango ukapanda kiasi cha kumwachia, akaanguka kwa matako kwenye changarawe. Glovu yake ilikuwa imebaki kwenye kizingiti, na haikuwa tupu.

Aliyemfikia wa kwanza ni Iola Fenske, jirani wa kambini kutoka Saskatchewan, aliyeendesha gari la wagonjwa kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alikuja na taulo, mkanda wa suruali ya mumewe na mfuko wa barafu, akafanya kazi bila kuuliza. Kisha aliinua macho akaiona mbao, imelala kifudifudi kwenye changarawe.

"Nani mpumbavu aliyesimamisha hii ardhini?"

"Mimi," alisema Dwight.

Garnet alikuwa amefika konani. Alisikia. Alisogea karibu na mlango, akauinamia, na kupitisha kidole juu ya mabawa ya bata.

Iola alimwona akifanya hivyo. "Pruett," alisema, "ukiugusa tena huo mlango kabla hujaniletea blanketi, nitakufungia ndani yake."

Alileta blanketi.

Hospitalini walishindwa kurudisha kitu. Daktari alisema kwamba kisu huacha nafasi ya kushona, ila ndoano ile haikukata, ilisaga. Dwight alilala mkono ukiwa umetundikwa juu, mkubwa kama boga, na siku ya nne, ambayo ilikuwa Jumapili, walikuja wote wawili. Lorna alileta keki ya tufaha kwenye sahani ya karatasi. Garnet alikaa kwenye kiti kilicho mbali zaidi, kofia magotini.

Walizungumza habari za hali ya hewa. Walizungumza kwamba msimamizi wa ardhi amewaongezea siku nne kwa sababu ya ajali. Kisha Garnet akakohoa.

"Nimepima tena," alisema. "Mbao ilikuwa sahihi. Nataka ujue hivyo. Kipimo hakikuwa na kosa."

"Kipimo kilikuwa sahihi, Mwalimu."

"Ajali ni ajali."

"Lorna," alisema Dwight. "Kwa nini ulibonyeza?"

Dada yake aliweka sahani chini. "Yai liliviringika. Nilikuwa napika, nikaliweka kwenye kaunta, likaviringika mpaka kwenye sinki. Nikamuuliza Garnet, nisawazishe? Akasema sawazisha."

"Alikuwa wapi?"

"Mezani. Anasoma."

"Na alipoingia kutoka nje, alikwambia nini?"

"Aliniambia nini kuhusu nini?"

Mashine ya mgonjwa wa pili ililia mara mbili na kuacha. Lorna alimtazama ndugu yake, kisha mumewe, na Dwight akaiona ile hesabu ikipita usoni mwake, tarakimu baada ya tarakimu, mpaka jibu.

"Garnet?"

"Nilisahau," alisema Garnet.

"Hukusahau," alisema Dwight. Sauti yake haikupanda. "Ulikataa. Hukutaka kutumwa na mimi. Mtu aliyesahau, akiulizwa nisawazishe, anakumbuka. Wewe uliulizwa, ukasema sawazisha."

"Nilikuwa nasoma. Sikufikiri."

"Miaka thelathini na tisa ulikuwa unaniambia mimi ndiye nisiyefikiri."

Garnet alisimama. Alijishikiza kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza Dwight alimwona mzee. Kama angesema neno moja hapo, hata moja la kinafiki, huenda mambo yangekuwa mengine. Alichosema ni hiki: "Wewe ndiye fundi. Fundi anayejua kitu ni hatari, hakifanyi. Hukulazimishwa. Ungeweza kuondoka."

Na lililouma ni kwamba hapo alisema kweli.

"Ondoka wewe," alisema Dwight.

Garnet alivaa kofia, akatoka, na nyayo zake zikasikika koridoni zikienda kwa mwendo wa mtu anayesimamia mtihani. Lorna alibaki. Alikunja leso, akaikunjua.

"Usirudi naye," Dwight alisema. "Nina kitanda kwenye pikapu. Nina rafiki Yuma mwenye chumba. Baki."

"Ana miaka sitini na tisa, Dwight. Usiku haoni barabara. Hawezi hata kujifungia bomba la choo cha gari peke yake."

"Mimi nitajifungia nini kwa mkono huu?"

Alilia kidogo, kimya kimya, kama alivyozoea. Kisha alisema jambo ambalo Dwight hakulitegemea. "Utasema nini wakikuuliza? Wale wa bima ya gari. Watakuja kuuliza." Akaisogeza sahani ya keki. "Sema mbao iliteleza yenyewe. Kweli iliteleza. Kwa ajili yangu."

Dwight alitazama dari. Ilikuwa nyeupe, yenye vigae vya mraba, kama ya darasa.

"Mara ya kwanza ulisema hivyo nikiwa na vidole kumi," alisema. "Nenda, dada."

Aliwaambia wa bima kila kitu, tangu shokapu hadi yai. Waliandika, wakamuuliza kama alijua kwamba kusimamisha mbao ardhini si salama. Akasema alijua. Wakafunga daftari bila kuahidi hata senti. Kumbe swali lilikuwa hilo moja tu.

Mpira wa maji ulimaliziwa na fundi mwingine, kijana aliyepita tu, kwa dakika kumi. Iola Fenske alisimulia baadaye kwamba Garnet alimpa ile ile mbao, na kijana akaisimamisha ardhini, na hakuna kilichotokea. Waliondoka Jumanne kuelekea mashariki, bata nyuma, na Garnet akamwambia kila aliyekuja kuagana kwamba huo ni uthibitisho.

Gharama ni hizi.

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia, chote. Cha kati, chote. Cha pete, nusu. Vilivyobaki ni gumba na kile kidogo, vinavyotazamana kwa mbali kama majirani waliogombea mpaka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hivyo viwili havifungui pampu ya dizeli.

Siku tisa kitandani. Miezi minne kabla ya kuweza kushika kikombe.

Kazi ya Yuma ilikwenda kwa mtu wa El Centro, na barua bado iko pale kwenye pikapu, imepauka kwa jua.

Dada mmoja. Krismasi alituma kadi yenye picha yao wawili mbele ya mlango wa injini. Dwight hakuijibu.

Mama Mkwe aliuzwa pamoja na jeki na masanduku ya spana, kwa sababu anahitaji mikono miwili kumsimamisha.

Shokapu mpya za gesi, jozi, zilikuwa dola themanini na sita. Hazikununuliwa.

Bata, watatu. Rangi haikupasuka popote.